Salamu za Mama Kwenda Mwakiro

Nikimuona mtu anatemea mate kioo cha simu halafu anakifuta kwa shati, nahama nilipokaa. Sitii chumvi. Wiki iliyopita kijana mmoja hapa Magarama, mtaa wetu wa Gitega, anayeuza makava ya simu, alinipangusia simu yangu kwa mate kabla sijapata nafasi ya kumkataza, kisha akanirudishia huku anatabasamu, kana kwamba amenifanyia hisani. Nilimwambia aiweke juu ya meza. Niliichukua kwa ncha ya mtandio na mchana ule sikula. Mate yakikauka juu ya plastiki yenye joto yana harufu yake, nayo ndiyo harufu ya chumba cha Baba Mdogo.

Baba Mdogo Hamisi ni mdogo wake Baba. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, sindano mdomoni kutwa nzima. Mdogo wake alikuwa mtu wa harusi. Alikuwa na kamera, alikuwa na koti la ngozi alilolivaa hata jua likiwaka, na alikuwa na sauti. Tuliishi nyumba moja. Yeye alikuwa na chumba cha mbele, kinachotazama barabara, na humo ndimo ilimokaa komputa. Ilikuwa mtumba uliotokea Dubai, plastiki yake nyeupe imeshakuwa ya manjano kama meno ya mvuta sigara. Kazi yake ilikuwa kuchoma CD za harusi, ambayo Baba Mdogo aliiita kugrava, kwa namna ya watu waliopitia Kifaransa wakatoka upande wa pili.

Mtu aliyetaka kujua uchafu ni nini angeingia mle. Vitufe vya komputa vilikuwa na mafuta ya mishikaki na katikati yake makombo ya sambusa, nywele, na siku moja mguu wa mende, mguu peke yake, mwenyewe sijui alikoelekea. Ukifungua ubavu wa ile mashine ulikutana na vumbi lililoshikana mpaka likawa kitambaa. CD zilizoharibika umeme ulipokatika alizitumia kuwekea vikombe vya chai, kwa hiyo kila moja ilikuwa na duara la kahawia lenye sukari na sisimizi wake. Na kila CD tupu, kabla ya kuitia kwenye mashine, aliitemea mate. Tfu. Halafu akaizungusha tumboni mwake, juu ya shati.

“Maji inaharibu,” alinieleza nilipokunja uso. “Mate ndiyo dawa. We unafikiri fundi wa Dubai wanafanya namna gani?”

Mama hakuwa mtu wa Gitega. Kwao ni Mwakiro, huko Muyinga, kwa wakulima waliorudi kutoka Tanzania. Yeye alikulia huko huko Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, akasoma huko, akaimba kwaya huko, na aliporudi Burundi akakutana na Baba, akasilimu, wakaoana. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Baba Mdogo alimtania kila siku: “Shemeji iko inaongea kama habari ya redio.” Mama alimjibu kwamba afadhali redio, inafahamika.

Mama yake Mama, bibi yangu, hakujua kusoma. Kwa watu kama yeye kule kambini kulikuwa na utaratibu wao. Hawakuandika barua, walituma kaseti. Mtu alikaa mbele ya redio, akabonyeza kitufe chekundu, akawasalimia ndugu zake mpaka mkanda ukaisha, kisha kaseti ikachukuliwa na msafiri. Mama aliihamisha tabia hiyo hadi Magarama. Kila miezi kadhaa kaseti ilikwenda Mwakiro na nyingine ikarudi, yenye kuku wanaolia nyuma ya maneno ya Bibi. Kisha redio yetu ikafa upande wa kurekodi. Wakati huo huo mjomba Leonsi, kaka yake Mama, baada ya mavuno ya kahawa alinunua redio ya kucheza CD, ya kwanza kwenye mlima wao, na hakuna aliyeachwa bila kuambiwa.

“Bon, shemeji, tatizo iko wapi?” Baba Mdogo akasema. “Kuja uongee kwa ordinateur, mi nakugravia CD, inakwenda. Mambo ya kaseti ni ya wazee.”

Mama akaingia mle chumbani na mtandio wake mzuri, kana kwamba ataonekana. Baba Mdogo akampa kipaza sauti. Mimi nilikaa mlangoni, na Mama alipoanza kukohoa na kujiweka sawa mbele ya mashine nikaangua kicheko. Akanifukuza. Kwa hiyo sikusikia alichosema. Nilisikia tu sauti yake kupitia ukuta, ikipanda na kushuka, na nilichoka kusubiri nikaenda kucheza.

CD tupu zilikuwa zimeisha siku hiyo. Baba Mdogo akasema atazileta, kesho, keshokutwa, harusi ya fulani ikipita. Kabla hazijaletwa, Mama akashikwa na homa. Hakuugua sana, ndicho watu walichorudia kusema, hakuugua sana, kana kwamba hilo ni jambo jema. Akafa asubuhi, na kwa kuwa sisi ni Waislamu akazikwa baada ya swala ya alasiri.

Habari ilipelekwa Muyinga kwa simu ya dukani, ikapanda mlimani kwa miguu. Bibi na mjomba Leonsi walifika kesho yake adhuhuri. Nilikuwa uani. Nilimuona Bibi akiingia na kikapu kichwani, vumbi mpaka magotini, akawakuta wanawake wanasugua masufuria ya pilau. Akauliza yuko wapi. Wanawake wakainamia masufuria yao, na hapo akafahamu kwamba ameshazikwa. Kwao maiti humsubiri mama mzazi hata kama anatoka mwisho wa dunia. Wazee wetu wakamweleza kwa upole kwamba dini hairuhusu kuchelewesha. Bibi akaitikia kila neno. “Ndiyo. Ndiyo, ni dini.” Hakulia mbele yao. Wakati wa kuondoka ndipo akamuuliza Baba kitu kimoja tu, kama mtoto wake aliacha neno lolote.

Baba alikuwa amesahau. Akageuka kutazama mlango wa chumba cha mbele.

“Aliacha salamu zako, mama,” akasema. “Zimo kwenye mashine. Nitakutumia.”

Bibi akamshika mikono yote miwili, akaondoka.

Nikasema basi, sasa Baba Mdogo ataacha uchafu wake. Hapana. Zilikuwamo programu mbili za kuchomea, zote zimewekwa na mwanafunzi mmoja aliyepita likizo. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, haina mapambo, na kabla ya kufanya lolote ilikuuliza kwa Kifaransa: unataka diski ya komputa au diski ya redio? Ukichagua ya redio, ilikaa muda mrefu ikiigeuza sauti kwanza, ndipo ichome. Ya pili ilikuwa na kitufe kikubwa kimoja na picha ya moto. Haikuuliza neno. Ulibonyeza, ndimi za moto zikaanza kucheza chini ya jina la kitu unachokichoma, na kabla chai haijapoa CD imetoka.

Baba Mdogo alizijaribu zote mbili mbele ya Baba, akijipa umuhimu kama daktari. Ile ya kijivu ilipouliza swali lake akaifunga.

“Hii ni ya masekretari,” akasema. “Mashine ikianza kukuuliza maswali, ujue haijui kazi yake. Tunachukua ya moto.”

Mimi nilikuwa darasa la tano na Kifaransa nilikisoma vizuri kuliko yeye, ingawa hilo halikuwa la kusemwa ndani ya nyumba ile. Nikasema, “Baba Mdogo, ile nyingine inauliza kama ni ya redio.”

“We mtoto, CD ni CD. Iko mviringo yote, ama hapana?”

Baba akamuuliza, taratibu, “Hamisi, itasikika kwa redio ya Leonsi?”

“Mais kaka, si ngoja nikuonyeshe!”

Akachoma moja. Akaitoa, akairudisha mle mle kwenye komputa ile ile, na Mama akasema: “Mama, hamjambo huko?” Baba akanyanyua mkono. “Inatosha,” akasema, akatoka. Hilo ndilo jaribio lililofanywa. Mtu alipimia kiatu mguu wake mwenyewe akasema kitamfaa mwenzake aliye Muyinga.

Nami wakati ule sikuchukizwa na hilo, maana sikulielewa. Kilichonichukiza ni ule moto. Madrasani ustadhi alikuwa ametueleza habari za moto siku hizo hizo, akatueleza vizuri sana, na sasa nilikuwa nalitazama neno MAMA ndani ya kioo na ndimi nyekundu zinalilamba kutoka chini. Nilichukua kanga nikafunika kioo. Baba Mdogo akacheka mpaka akakohoa, akaifunua. “Ni dessin, picha tu,” akasema, huku anatafuna karanga na maganda yanaangukia vitufe.

Akachoma nyingine, na nyingine, kwa sababu alijitolea kuwapa ukoo mzima, wajomba, mashangazi wa Mama, kila mwenye jina. Katika akili yangu ya utoto, sauti ilikuwa inahama. Niliamini kwamba mashine ikinguruma namna ile inachota, na kwamba kila CD inayotoka Mama anabaki pungufu, kama sufuria inayopakuliwa. Nikamwomba ya Bibi iwe ile ya kwanza, yenye Mama mwingi. Alinijibu kwamba zote ni sawa. Tfu, akatema, akafuta tumboni, akaandika kwa kalamu ya buluu: SALAMU ZA SHEMEJI. Niliyaangalia mate yake yakienda kwa bibi yangu nikatamani kumng'ata.

Alipomaliza akaifuta sauti kwenye komputa. Kulikuwa na harusi kubwa Jumamosi ile na mashine ilikuwa imejaa. “Iko kwa CD zote zile,” alimwambia Baba. “Ya nini ibaki hapa?” Baba alikuwa na sindano mdomoni. Akatikisa kichwa kukubali, au labda kwa uchovu tu.

CD zikaenda na msafiri. Baada ya muda Baba akapiga simu kwenye duka la Muyinga siku ya soko, akampata mjomba Leonsi.

“Zimefika? Mmesikia?”

“Tumesikia, shemeji. Tumeshukuru sana. Ni nzuri sana.”

Nilikuwa karibu, nilisikia kwa masikio yangu. Baba alipokata simu alifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha suti ya mtu. Baba Mdogo alianza kujisifu harusini kwamba yeye hata marehemu anaweza kuwaongelesha. Alisema hivyo mbele za watu wanaokula, na watu wakacheka na mchuzi mdomoni.

Likizo kubwa ilipofika nikapelekwa Mwakiro. Baba alinifikisha Muyinga mjini, mjomba Leonsi akanipokea na kunipakia baiskeli. Tulipofika karibu na kwao alishuka akaisukuma, maana kilima kilikuwa kikali, nami nikatembea pembeni ya shamba la mtama. Mtama ulikuwa umekomaa. Juu yake zilikuwa zimefungwa kamba kutoka mti hadi mti, na kwenye kamba kulikuwa na vitu vinang'aa vinazunguka kwa upepo. Vilikuwa vya kutishia ndege. Nikasogea. Kimoja kikageuka, nikasoma maandishi ya buluu yaliyopauka kwa jua.

Kulikuwa na kinyesi cha ndege juu yake. Salamu za Mama, ambazo niliamini amekatwa vipande ili zitengenezwe, zilikuwa zimetobolewa msumari, zimepitishwa kamba ya katani, na ndege wamezinyea. Niliwaona watu wa Mwakiro wote kuwa washenzi. Nilisema neno hilo hilo kwa sauti, mbele ya mjomba wangu, mimi mtoto wa darasa la tano. Yeye akatazama chini akaendelea kusukuma baiskeli.

Sikula kwao. Waliniwekea maharage yaliyoungwa kwa mafuta ya mawese, na ndizi, chakula ambacho siku nyingine ningelamba sahani, lakini kila nikitazama mikono iliyokipika niliiona ikifunga ile kamba. Wake za wajomba wakasema mtoto wa mjini anadeka. Siku iliyofuata nikaenda shambani, nikaanza kuzing'oa. Mjomba Leonsi akaja mbio.

“Ndege watatumaliza, mtoto! Unafanya nini?”

“Hii ni sauti ya Mama yangu,” nikamwambia. “Mmeitundika.”

Hakunipiga. Naona hata sasa uso wake ulivyokuwa, kama mtu aliyekutwa uchi. Akaniambia, “Kamuulize bibi yako.”

Bibi alikuwa ndani, anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa matusi. Kisha akainuka, akafungua sanduku lake, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya kitenge, tena ndani ya kitambaa kingine cheupe. Ilikuwa CD. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

“Zile za shambani ni za wajomba zako na akina shangazi,” akasema. “Hii ndiyo yangu. Hii sikuwapa.”

Akanieleza. Siku CD zilipofika walivaa nguo za Jumapili. Majirani wakaitwa, redio ya Leonsi ikawekwa juu ya kigoda katikati ya uwanja, kukapikwa, kukawekwa pombe ya ndizi. Leonsi akaitia CD. Redio ikazunguka, ikazunguka, ikaandika vistari, ikanyamaza. Wakaitoa, wakaifuta, wakatia nyingine. Vistari. Wakatia zote. Majirani, watu wenye adabu, wakaanza kusema kwamba kuna mbuzi wa kufungwa, kuna mtoto anaumwa, wakaondoka mmoja mmoja.

“Mbona hamkusema?” nikauliza. “Baba alipiga simu. Mjomba alisema mmesikia.”

“Angesemaje?” Bibi akanishangaa kweli. “Wakwe zako wamekufikiria, wamekutumia kitu kutoka mbali, wewe uwaambie ni kibovu? Mtu akikuletea maharage yenye wadudu unashukuru, ukibaki peke yako unachagua. Leonsi angewatia aibu watu wa baba yako. Na mtu aliyefiwa na mke!”

Hiyo ndiyo adabu yetu. Huku watu wanatuma takataka wakijisifu, kule wanaipokea takataka wakishukuru, na katikati hakuna anayemwambia mwenzake ukweli. Nimekua nimeiona adabu hiyo ofisini, msikitini, na ndani ya ndoa yangu. Miaka mingi baadaye nilipomweleza Baba Mdogo yaliyotokea, mzee sasa, ameacha harusi, hakushtuka hata kidogo. “Mais walisema walisikia,” akanijibu. “Donc kosa iko kwao.” Halafu akaniomba nimpitishie chumvi.

Lakini siku ile Bibi alikuwa hajamaliza. Alikaa na ile CD mapajani, anaipitishia kiganja.

“Nikaipeleka hii kwa redio nyingine,” akasema. “Kwa siri. Kwa mwalimu. Kwa padri. Hata kwa yule mwenye baa. Kote alinyamaza. Ndipo nikafahamu. Haikuwa redio. Ni mimi. Alinikasirikia.”

“Alikukasirikia kwa nini?”

“Nilichelewa kufika. Mtoto hazikwi bila mama yake kuwapo. Kama ningekuwa mimi ningenyamaza vile vile.”

Alisema bila kulalamika, kama anayetaja mvua ilinyesha lini. Alikuwa ameishi nalo tangu msiba. Kila jioni, aliniambia, alimwomba mwanawe msamaha kabla ya kulala. Ndipo nikalikumbuka swali la ile programu ya kijivu, diski ya komputa au ya redio. Na mimi niliyekuwa nimekuja na hasira zangu za kinyesi cha ndege nilimtazama yule mama mtu mzima aliyehukumiwa na kitufe chenye picha ya moto, na chuki yangu yote ikageuka, ikarudi njia yote ile mpaka Magarama, mpaka kwenye kile chumba, kwenye yale mafuta ya mishikaki.

“Bibi,” nikasema, “hajanyamaza. Hii si ya redio. Waliichoma kwa programu ya komputa. Inasikika kwenye komputa tu.”

Akaacha kuipitishia CD kiganja.

“Kwa hiyo yumo?”

“Yumo.”

Siku ya soko tukaenda Muyinga. Kulikuwa na sekretariati moja karibu na stendi, chumba kimoja cha kuchapia barua na kutoa fotokopi, joto, harufu ya wino uliochemka na kwapa za watu waliokuja na vitambulisho vyao. Mwanamume mmoja kwenye foleni alikuwa anachokonoa meno na kutema sakafuni alichokipata, karibu na kidole cha mguu wa Bibi. Dada wa komputa alikuwa na kucha ndefu na haraka. Nilimweleza tunachotaka. Akasema kwa Kirundi kwamba hapa si mahali pa muziki. Bibi akamwambia si muziki, ni mtoto wangu. Yule dada akaichukua CD, kwa mikono mikavu, namshukuru mpaka leo, akaitia.

Nilimsogeza Bibi karibu na spika. Akavua kilemba, kama kanisani kwao wanaume wanavyovua kofia. Sijui kwa nini alifanya hivyo.

“Mama, hamjambo huko?”

Halafu kimya. Nikadhani imekufa. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie dada wa komputa, Bibi akajibu.

“Hatujambo, mwanangu.”

“Na mimi sijambo, namshukuru Mungu,” Mama akasema.

Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia. Watu wa kambini ndivyo walivyotuma salamu zao: wakiuliza swali huacha nafasi, mwenzao ajibu. Bibi alijua tangu zamani. Alikuwa amesimama pale, shingo imenyooka, anangojea zamu yake.

“Mgongo unaendeleaje?”

“Unauma tu. Ni wa uzee huu.”

“Pole, Mama. Usibebe kuni, waachie wakina Leonsi. Nasikia Leonsi sasa ana redio, hatulali tena.”

Bibi akacheka. Yule wa kuchokonoa meno naye akacheka, akamuonyesha mwenzake kwa kidole bibi kizee anayeongea na mashine. Ningekuwa na jiwe ningempiga nalo. Dada wa komputa alimgeukia akamtazama mpaka akanyamaza.

“Mjukuu wako yuko hapa nje, nimemfukuza, anacheka kama mwendawazimu. Likizo nitamleta mwenyewe. Amekua, utamkumbuka?”

Bibi akanishika kichwa. “Namkumbuka,” akasema. “Ninaye hapa.”

“Na wewe, Mama? Lini utakuja kunitazama?”

Nafasi aliyoiacha hapo ilikuwa ndefu kuliko zote. Kwa nyuma ilisikika barabara yetu ya Magarama, baiskeli inapita, mtu anaita. Mashine ya fotokopi ilikuwa imesimama. Bibi alisogea mpaka midomo yake ikakaribia kugusa spika.

“Nilikuja,” akasema. “Nilikuja, mwanangu. Nilikuta wameshakuzika.”

“Haya, vizuri,” Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu. “Basi nitakungoja.”